Amplifaya ya vali inavuma hata volyumu ikiwa sifuri: nibadilishe kapasita au nifumue waya za ardhi?

Hita_Baridi:

Wakuu, naomba msaada. Amplifaya ndogo ya gitaa, nimefuata mchoro wa Fender Champ 5F1: 12AX7 moja (vali ya kukuza ishara ya gitaa), 6V6GT moja (vali ya kusukuma spika), rektifaya 5Y3GT (vali ya kugeuza AC kuwa DC), spika ya inchi 8 ya omu 4. Gitaa linasikika safi ila kuna mvumo haubadiliki hata nikifunga volyumu kabisa. Nikichomoa 12AX7 unapungua kama nusu, hauishi.

Vipimo, ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye chasisi:

Kapasita ya kwanza: volti 370
6V6 mguu wa 3 (anodi): 357
6V6 mguu wa 4 (skrini): 320
6V6 mguu wa 8 (kathodi): 22.5 (rezista yake ya kwenda ardhini ni omu 470)
Hita (nyuzi za kupasha vali joto): volti 6.9 AC
Umeme wa ukutani: 241

Kapasita za kuchuja ni mpya, maikrofaradi 16, 8 na 8, zote za volti 450. Waya wa katikati (center tap) wa upande wa volti kubwa wa transfoma umebanwa kwenye bolti ya transfoma yenyewe. Hasi za kapasita zote tatu zinaishia kwenye bolti nyingine karibu na jeki ya kuingizia gitaa. Nimefikiria kuweka 100 badala ya ile 16. Itasaidia?

Kathodi_Huru:

Usiweke 100 pale. 5Y3 ni rektifaya dhaifu, na kapasita ya kwanza ikiwa kubwa inanyonya mkondo kwa mishtuko mikali kila inapojaa. Utaichosha vali na huenda mvumo ukazidi, kwa sababu mishtuko hiyohiyo ndiyo ninayoishuku. 22 inatosha.

Kwanza tujue ni mvumo gani. Gitaa likiwa limetyuniwa kawaida, bana uzi wa sita kwenye freti ya tatu. Hiyo ni G, 98 Hz. Mvumo ukikaribiana na noti hiyo ni 100 Hz, maana yake unatoka upande wa rektifaya: kapasita au njia ya ardhi. Ukiwa oktava nzima chini yake ni 50 Hz, hapo tafuta hita, waya za gridi (mguu wa vali unaopokea ishara), au transfoma mbili zinazoambukizana. (Wenye umeme wa 60 Hz watumie freti ya saba, B, 120 Hz iko chini yake kidogo.)

Kisha zima na upunguze chaji: rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 kutoka chanya ya kapasita ya kwanza hadi hasi yake, sekunde tano, halafu pima. Usiguse kitu mpaka mita isome chini ya volti 10. Mchoro huu hauna rezista ya kumwaga chaji, kwa hiyo ongeza ya kilo-omu 220, wati 2, sambamba na kapasita ya kwanza, ibaki humo daima.

Sasa jaribio lenyewe. 12AX7 iwe imetolewa, spika iwe imeunganishwa (kamwe usiwashe bila spika). Chukua waya mfupi wenye vibanio, unganisha mguu wa 5 (gridi) wa 6V6 na ncha ya chini ya ile rezista ya omu 470. Si chasisi yoyote iliyo karibu, ni ncha ile hasa. Washa, usikilize.

Hita_Baridi:

Nimefanya. Noti inakaribiana na G, na sauti yenyewe ni kali, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Nilipounganisha mguu wa 5 na ncha ya chini ya 470, kimya karibu kabisa. Nilipohamisha kibanio hadi bolti ya transfoma, mvumo ukarudi na nguvu zaidi.

Kathodi_Huru:

Basi kapasita zako ni nzima, ziache. Umejionyesha mwenyewe kwamba "ardhi" mbili kwenye chasisi moja si kitu kimoja.

Fuata mkondo. Rektifaya inajaza kapasita ya kwanza mara 100 kwa sekunde, si kwa mkondo laini wa miliampea 50 bali kwa mipigo mifupi inayofika mia mbili na kitu. Mpigo unatoka kwenye kapasita, unarudi kwenye waya wa katikati. Kwako kapasita iko upande wa jeki, waya wa katikati uko upande wa transfoma, kwa hiyo kila mpigo unavuka chasisi nzima na kupita chini ya miguu ya vali zote. Bolti iliyobanwa juu ya rangi inaweza kuwa na omu 0.1 bila shida. Miliampea 250 mara 0.1 ni milivolti 25. Rezista ya 220k (kilo-omu 220) ya gridi ikitua sehemu moja na ile 470 ikitua nyingine, hizo milivolti 25 zimeingia kwenye gridi kama vile ni gitaa. 6V6 yenye mzigo wa omu 5000 inazikuza karibu mara 20, transfoma ya spika inagawanya kwa 35, unabaki na kama milivolti 14 kwenye spika. Ndiye huyo nzi wako.

Tiba: ng'oa waya wa katikati kwenye bolti, uulehemu moja kwa moja kwenye mguu wa hasi wa kapasita ya kwanza. Kutoka hapohapo waya mmoja uende kwenye ardhi ya 6V6 (ncha ya chini ya 470, kapasita yake ya maikrofaradi 25, rezista ya 220k na waya mmoja wa spika, vyote nukta moja), uendelee hadi hasi ya kapasita ya pili, kisha ya tatu pamoja na ardhi zote za 12AX7, uishie kwenye jeki. Jeki ndiyo iguse chasisi, mahali pamoja tu. Kwangua rangi hadi chuma kitoe mwanga, weka washa yenye meno.

Waya wa ardhi wa plagi una bolti yake peke yake, karibu na unapoingilia. Huo ni wa usalama, usiukate hata mtu akikuambia mvumo utaisha.

Risasi60_40:

Kathodi_Huru yuko sahihi kwenye mvumo, ila mmeruka jambo linaloiua hiyo 6V6. Volti 22.5 juu ya omu 470 ni miliampea 48. Toa kama 3 za skrini, zinabaki 45. Kati ya mguu wa 3 na wa 8 kuna volti 334. Zidisha: wati 15. 6V6GT inakubali 12 kwa karatasi za vipimo (datasheet) za zamani, 14 kwa za baadaye. Zima taa uitazame, sitashangaa bamba (anodi) likiwa jekundu.

Chanzo kiko kwenye vipimo vyako. Hita 6.9 badala ya 6.3 ni takriban asilimia 10 juu, na B+ (volti kubwa ya DC inayolisha vali) nayo imepanda. Angalia waya za kuingizia umeme kwenye transfoma. Nyingi zina wa 220 na wa 240. Naona umeunga wa 220. Hamishia 240 na ule wa zamani uufunike kwa mpira unaonywea kwa joto, kwa sababu bado una umeme.

Pili, rezista ya omu 470 wati 5 baada ya kapasita ya kwanza, ikifuatiwa na kapasita mpya ya maikrofaradi 47 volti 450, ndipo ulishe transfoma ya spika kutoka hapo. Kwa 100 Hz inapunguza mawimbi karibu mara 14, na inakula volti ishirini na kitu ambazo huzihitaji. Skrini ibaki inalishwa kupitia 10k kama kwenye mchoro. Watu husafisha anodi wakasahau skrini, na 6V6 inasikia uchafu wa skrini kuliko wa anodi.

Hita: kama transfoma haina waya wa katikati wa hita, weka rezista mbili za omu 100, moja kila upande hadi ardhini. Kama inao, usiweke vyote viwili. Waya zisokotwe kwa kubana, zipite kwenye kona ya chasisi. 12AX7 miguu ya 4 na 5 iungwe pamoja, waya wa pili mguu wa 9.

Hita_Baridi:

Kweli, niliunga waya wa 220. Nimehamisha, nimeweka 470 na 47, na ardhi nimezipanga upya. Sasa kapasita ya kwanza 341, transfoma ya spika 319, mguu wa 3 ni 307, wa 8 ni 19, hita 6.3. Milivolti AC kwenye spika, volyumu sifuri: kabla 38, sasa 3.

Ila nilibadilisha pia transfoma ya spika, na sasa volyumu ikipita nusu inalia kama filimbi.

Risasi60_40:

Miliampea 37 hivi kwenye anodi mara 288, wati 10.7. Hapo 6V6 itadumu.

Filimbi ni njia ya marejesho (sehemu ya sauti ya spika inayorudishwa kwenye 12AX7). Fungua upande mmoja wa rezista ya 22k inayotoka kwenye spika. Kawaida ukiifungua sauti ya gitaa inapaswa kuongezeka. Ikipungua na filimbi ikafa, marejesho yalikuwa kinyume: badilishana waya mbili za transfoma zinazokwenda mguu wa 3 na B+, kisha rudisha 22k.

Hita_Baridi:

Ilipungua. Nimebadilishana waya, filimbi hakuna hata volyumu ikiwa mwisho, na milivolti zimeshuka hadi 2.