Dianabol wiki 6: AST juu, testosteroni chini

Kitasa: Wakuu, kijana wa miaka 27 anameza Dianabol (vidonge vya steroidi vya kujenga misuli) mg 30 kwa siku, wiki ya 6 sasa. Maabara: vimeng'enya vya ini ALT 88, AST 131, testosteroni 85 ng/dL. Muuzaji anadai ini "limechoka kidogo", na testosteroni itajirudia yenyewe. Kweli?

Bench120: Mkuu, AST ikiizidi ALT kwa mnyanyua vyuma, shuku misuli kwanza. Vimeng'enya vyote viwili vimo kwenye misuli pia. Apime CK (kimeng'enya cha misuli) na GGT (cha ini na nyongo): CK juu na GGT ya kawaida, inaelekea ni mazoezi. Apumzike vyuma siku 7 au zaidi, arudie.

Ila asitulie. Kidonge hiki kimebadilishwa kwenye kaboni ya 17 ili ini lisikivunje haraka, na hapo ndipo sumu yake ilipo. Madhara makubwa ni nyongo kukwama, na ALT inaweza kupanda kidogo tu huku bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) ikipaa. Aangalie mwili: kuwashwa viganja na nyayo, mkojo kama chai ya rangi, kinyesi cheupe kama udongo, macho ya njano. Moja tu likitokea, hospitali siku hiyo hiyo.

Kitasa: Na vidonge vya "kusafisha ini"?

Bench120: Havimpi ruhusa ya kuendelea kumeza. Dawa ya ini hapa ni kuacha. Pombe, panadol za ovyo na miti shamba navyo aweke kando.

Homoni_Tu: Hiyo testosteroni ya 85 ni ndogo mno, wanaume wengi wako kati ya 300 na 1000. Ubongo ukiona homoni ya vidonge imejaa, pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo) inakata LH na FSH, homoni zinazoamsha korodani, nazo korodani zinalala. Apime LH, FSH na testosteroni saa 1 hadi saa 4 asubuhi kabla ya kula, arudie siku nyingine. LH ikiwa chini pia, jibu limepatikana: vidonge ndivyo vilivyoizima.

Kujirudia kupo, lakini ni kwa miezi, si wiki, na wengine hukwama. Mbegu huchelewa zaidi, maana kuziunda tu ni kama siku 70. Anayetaka mtoto asikubali sindano ya testosteroni "ya kuamsha": inazidi kuzima LH.

Bench120: Nyongeza: apime na HDL (kolesteroli nzuri). Vidonge hivi huiporomosha. Na hiyo mg 30 ni ya kwenye lebo tu. Dianabol halisi ya Ciba iliondoka sokoni Marekani tangu miaka ya 1980, kwa hiyo kilichomo kwenye kichupa hicho anakijua aliyekijaza.