Neema yuko wapi leo?

[Kikundi: Familia ya Kibosho]

Mama: Neema, tangu asubuhi kimya. Umefika?

Neema: Shikamoo mama. Nipo Melide toka saa nane, mgahawani, huku Hispania kwenye hija ya kutembea kwa mguu mpaka Santiago. Namsubiri mama yangu Mkorea.

Shangazi: Mama yako yuko hapa anamenya ndizi za mtori 😂 Huyo mwingine umempata lini?

Neema: Sarria, mji nilioanzia kutembea, siku ya kwanza. Si yule aliyenitoboa lengelenge la kisigino kwa sindano, akauacha uzi humo humo maji yatoke? Tangu siku hiyo mabwenini mimi kitanda cha juu, yeye cha chini.

Baba Mdogo: Mnaongea lugha gani?

Neema: Hakuna baba. Yeye Kikorea chake, mimi Kiswahili changu. Ila "pole" ameishika. Anawapa hata ng'ombe wa watu njiani.

Shangazi: 😂😂 Na hapo mgahawani unakula nini?

Neema: Pweza. Melide ndiyo sifa yao.

Shangazi: Mchaga na pweza wapi na wapi!

Mama: Acheni pweza. Mmeachanaje njiani?

Neema: Goti lake. Tulipopita Palas de Rei akanifukuza kwa mkono nitangulie. Huku kila mtu na mwendo wake, jioni mnakutana. Nilitaka kumwitia teksi, akaninyooshea kitabu chake cha mihuri, kile tunachogongewa njiani kuonyesha tumetembea. Cheti cha hija cha Santiago kinataka angalau km 100 kwa mguu, si kwa gari.

Baba Mdogo: Toka Sarria jumla ngapi?

Neema: Kama 115.

Baba Mdogo: Eeh! Hiyo Moshi mpaka Arusha, halafu unaunga kama unaenda Monduli. Mimi hija ya Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, nilienda na basi na bado nililalamika mgongo. Nikakuta Wakenya wamekuja kwa mguu, wanaimba.

Brayan: Hapa ni Bibi anasema, mimi naandika tu. Huyo mama ana miaka mingapi?

Neema: Shikamoo Bibi. 71, alinichorea kwa kidole mezani.

Brayan: Marahaba. Bibi anasema: na wewe ukamwacha mtu wa miaka 71 na goti bovu, ukaenda kula pweza?

Shangazi: Haya sasa.

Baba Mdogo: Mama naye, mtoto kaambiwa atangulie...

Brayan: Bibi anasema hajakuuliza wewe.

Neema: Narudi kumfuata.

Mama: Njia utaijua?

Neema: Mishale ya njano ipo kila kona. Naifuata kinyume.

⸻

Mama: Neema?

Mama: Neema jamani

Neema: Nimempata! Kwenye daraja la mawe la Furelos, hata si mbali. Kavua viatu, anakula chungwa. Nusu kaifunga kwenye karatasi, kumbe yangu.

Shangazi: Jamani 😭

Brayan: Bibi anasema mpe simu.

Neema: Bibi, Kiswahili hajui.

Brayan: Anasema si umesema "pole" anaijua? Mpe simu. Anapiga sasa hivi, pokea.