Je, habari za Yesu zilinakiliwa kutoka kwa Horus na Mithra?

Kijana wa Kadutu
Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Katika kundi la vijana la parokia yetu kuna video ya Kifaransa inayozunguka kwenye simu, ikidai kwamba miungu ya kale, Horus wa Misri na Mithra wa Uajemi, walizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, wakawa na wanafunzi 12, wakasulubiwa, wakafufuka siku ya tatu. Baadhi ya wenzangu wametikisika. Wengine wanajibu kwa kumkemea shetani, jambo lisilomsaidia aliyeuliza. Madai haya yanapimwa namna gani?

Mwalimu wa Ibanda
Mdogo wangu, kwa kila dai uliza ni andiko gani la kale linalosema hivyo, na liliandikwa lini. Orodha hiyo haikutoka Misri: mwaka 1875 Mmarekani Kersey Graves alichapisha kitabu kuhusu waokoaji kumi na sita waliosulubiwa, na wengi waliomfuata wamekuwa wakirudia maneno yale yale bila kufungua maandishi ya kale.

Tenzi za Wamisri wenyewe zinasema kwamba mungu wa kike Isis alichukua mimba ya Horus kutoka kwa mumewe Osiris aliyekwisha kuuawa. Ni ajabu, lakini mjane aliyezaa na mumewe haitwi bikira. Osiris naye hakurudi kuishi duniani. Alibaki kuwa mfalme wa wafu.

Kuhusu Mithra wa Warumi, waliomwabudu kwa jina la mungu yule wa Uajemi, sanamu zinamwonyesha akichomoza katika mwamba akiwa kijana tayari, ameshika kisu na mwenge. Wenzake wa kawaida ni wawili tu, Cautes na Cautopates. Hao 12 yaelekea ni alama za nyota zinazomzunguka katika baadhi ya michongo anapomchinja fahali. Hakuna andiko la kale wala mchongo unaomwonyesha akifa, sasa angefufukaje? Tena mahekalu yake mengi ni ya karne ya 2 na kuendelea, ilhali Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya kufa na kufufuka kwa Kristo yapata mwaka 55.

Msomaji wa Lubumbashi
Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu Horus, lakini tusiruke upande wa pili, tukasema kwamba hakuna mfanano wowote. Mtakatifu Yustino mwenyewe, mwandishi Mkristo aliyeitetea imani, yapata mwaka 155, aliwaambia Warumi kwamba Wakristo wakisema Yesu alizaliwa na bikira, hilo halipiti yale ambayo wao husimulia juu ya Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Na alipoona wafuasi wa Mithra wakitumia mkate na kikombe cha maji katika ibada yao, alisema mashetani wameiga Ekaristi. Mtu haelezi mfanano usiokuwepo. Na vipi kuhusu 25 Desemba?

Mwalimu wa Ibanda
Hapo umegusa penye uzito. Injili hazitaji tarehe yoyote. Kitabu kimoja cha kalenda cha Roma, cha mwaka 354, kinaweka siku hiyo hiyo kuzaliwa kwa Kristo na, katika ukurasa mwingine, sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, ambalo kaisari Aurelian alilijengea hekalu mwaka 274. Wataalamu wamegawanyika: wengine wanaona Kanisa lilichukua siku ya Jua, wengine kwamba lilihesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, siku waliyoamini mimba ya Yesu ilitungwa. Mimi sioni aibu katika jibu lolote kati ya hayo, kwa sababu tarehe ya sikukuu ni jambo la kalenda, wala haituambii habari yenyewe ilitoka wapi.

Kijana wa Kadutu
Nimeelewa, Mwalimu. Lakini wakiniuliza wazo la ufufuko lilitoka wapi, kama si kwa Osiris?

Mwalimu wa Ibanda
Anza karibu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa Wayahudi, na Wayahudi wengi walikuwa wakitumaini ufufuko kabla ya Yesu kuzaliwa. Someni pamoja Danieli sura ya 12, kisha ndugu saba katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 7. Halafu mwenye video atuonyeshe maandishi yake ya Misri.