Tupeane uzoefu: Ulimsaidiaje Mkristo mwenzako asimame katika imani yake mwenyewe?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaleta mada hii kwa sababu makanisani tunazungumza sana juu ya kuwaleta watu kwa Kristo, lakini tunagusia kidogo tu yale yanayofuata, yaani ile miezi na miaka ambayo mtu anajifunza kuomba akiwa peke yake, kusoma Maandiko bila kusomewa, na kuishika imani pasipo kuegemea ile ya mchungaji, ya mzazi au ya mwenzi wake. Yesu alimwambia Petro, kabla hata hajamkana, kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake (Luka 22:32), kwa hiyo kazi hii haikuachiwa wale tu ambao hawajawahi kutetereka. Naomba tusimuliane tuliyoyafanya au tuliyofanyiwa, mahubiri tuyaache kwa leo, na mambo ya siri ya wale tuliowasaidia yabaki kuwa siri.

Nianze mimi. Kulikuwa na ndugu aliyeokoka akiwa mtu mzima, ambaye kila alipopatwa na jambo alinipigia simu nimwombee. Sikukataa kumwombea, ila niliweka utaratibu kwamba yeye ndiye aanze, hata kwa maneno machache, kisha mimi nipokee pale alipoishia. Aliona aibu, akidai kwamba hana lugha ya maombi. Nikamwonyesha ombi la yule baba katika Marko 9:24, «Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu», ambalo ni fupi kuliko salamu zetu za kawaida, na bado lilijibiwa. Kadiri muda ulivyokwenda simu zilipungua, na alipopiga ilikuwa ni kunieleza yale ambayo alikwisha kumwomba Mungu mwenyewe.

Katibu wa Vijana

Mimi nilitumia njia ya kusoma pamoja. Tulichagua Injili ya Marko kwa sababu ni fupi kuliko zile nyingine tatu, ina sura 16, na msomaji mgeni hachoki njiani. Kila mmoja alisoma sehemu yake nyumbani, akaandika kwenye daftari kile ambacho kifungu kinasema juu ya Yesu, jambo ambalo hakulielewa, na jambo moja la kutenda kabla hatujakutana tena. Kijana huyo aliponiuliza swali, nilimwomba kwanza aniambie yeye ameonaje na ameona hivyo kutoka mstari gani. Wakati mwingine alikasirika, akaniambia kwamba ninamficha majibu. Hata hivyo, watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama mambo waliyoambiwa ndivyo yalivyo, na aliyekuwa akiwaambia ni Paulo (Matendo 17:11). Ikiwa mafundisho ya mtume yalipimwa, basi ya katibu wa vijana yapimwe zaidi.

Msomaji wa Zaburi

Uzoefu wangu ni wa aina nyingine, kwa kuwa niliyemsaidia hakuwa mchanga. Alikuwa ameamini miaka mingi kuliko mimi, akafiwa na mtoto, na baada ya mazishi akaacha kuja ibadani. Watu walimtembelea wakiwa na mistari mkononi: wengine walimwambia kwamba Mungu ana makusudi, wengine kwamba asilie kama wasio na tumaini, na wapo waliomsomea Waebrania 10:25 ili arudi kanisani. Mistari yote hiyo ni ya kweli, lakini nadhani ilikuja kabla ya wakati wake. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kumwambia neno (Ayubu 2:13), na ukisoma kitabu kizima utaona kwamba hizo ndizo siku walizomfaa kuliko zote.

Nilikwenda kwake, nikakaa, nikamsaidia kazi za nyumbani. Siku moja alisema mwenyewe kwamba hawezi tena kuomba, kwa sababu anachotaka kumwambia Mungu hakifai kusemwa mbele zake. Nikamwomba ruhusa nimsomee Zaburi ya 13, ile inayouliza «hata lini» mara nne, na baadaye tukasoma ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno lolote la kufariji. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama kweli maneno hayo yamo ndani ya Biblia. Tangu siku hiyo tulisoma zaburi za maombolezo, moja kila nilipofika, naye akaanza kuzisoma kwa sauti kama maombi yake. Alirudi ibadani bila kuitwa, akaketi nyuma, na kwa muda mrefu hakuimba. Sikuona haja ya kumhimiza aimbe. Yuda 22 inatuagiza kuwahurumia walio na shaka, na sioni mahali ambapo huruma hiyo imewekewa kikomo cha muda.

Mzee wa Kanisa

Ninaongezea suala la vikundi vidogo. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao, wakagawanywa katika makundi ya watu wapatao 12, na kiongozi wa kila kundi akapewa kazi ya kukusanya senti ya kila juma. Viongozi walipokwenda nyumba kwa nyumba waligundua hali za kiroho ambazo mimbarani hazikuonekana, na Wesley akaugeuza utaratibu huo wa fedha kuwa wa malezi. Katika kikundi chetu nimeona jambo hilohilo: watu wakiwa wachache, aliyelegea hawezi kujificha, na mwenye haya anapata nafasi ya kuomba kwa sauti. Kikundi kikizidi kukua tunakigawa, ingawa wanachama hulalamika kila mara.

Muumini Mchanga

Mimi nazungumza kama niliyesaidiwa. Nilikuwa nikifundisha watoto, na siku moja nilieleza jambo la imani kwa namna isiyo sahihi mbele ya watu wazima waliokuwa wamekuja kutusikiliza. Dada mmoja hakusema kitu pale pale. Alinialika kwake pamoja na mumewe, tukasoma kifungu chote tangu mwanzo, na hakuna aliyependekeza niondolewe katika ufundishaji. Baadaye nilisoma jinsi Akila na Priskila walivyomchukua Apolo kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26), nikafahamu walikojifunza. Kuaminiwa kuendelea na kazi kulinifanya nisome zaidi kuliko ambavyo onyo lingenifanya.

Muuguzi

Tahadhari moja kwa wanaolea wenzao: si kila huzuni ni upungufu wa imani. Mtu asiyelala, asiyekula au anayezungumza juu ya kujiua apelekwe hospitali mara moja, na asiachwe peke yake wakati mipango inafanyika. Maombi yaendelee, na dawa aliyoandikiwa asishauriwe kuiacha.

Dada wa Zamu

Nashukuru kwa michango hii. Nina mwenzangu anayefanya kazi usiku, hawezi kuhudhuria ibada wala kikundi, na anasema kwamba imani yake inapoa. Nimsaidieje, ikiwa zamu zetu hazikutani?

Katibu wa Vijana

Dada, someni sura ileile kwa wakati tofauti, kisha kila mmoja amrekodie mwenzake ujumbe mfupi wa sauti kueleza alichokiona na alichoomba. Ujumbe wa sauti ni bora kuliko mstari uliotumwa kwa watu wote, kwa sababu anasikia kwamba anazungumziwa yeye, na wewe utasikia katika sauti yake kama amechoka.

Mleta mada

Naunga mkono. Mnaweza kuanza na Wafilipi, ambao una sura 4 tu na uliandikwa na mtu aliyekuwa kifungoni, mbali na waumini aliowapenda. Kipindi ambacho zamu zenu zitaruhusu, mtafute ana kwa ana, na ikiwezekana umwombe mzee wa kanisa lenu ampelekee Meza ya Bwana.