Mjadala: Je, kumruhusu mkimbizi wa Kipalestina kufanya kazi Lebanon ni kumfutia haki ya kurejea?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba Lebanon inafanya sawa kuwazuilia wakimbizi wa Kipalestina kazi za kitaaluma na umiliki wa nyumba, kwa kuwa wakishatulia wataacha kudai kwao, na Azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1948, linalosema wakimbizi hao wanaotaka kurejea makwao waruhusiwe, litabaki karatasi tu. Ndugu yangu, hoja hiyo nimeisoma kwa makini, na siikubali.

Syria imeshaijibu. Sheria namba 260 ya mwaka 1956 iliwaweka Wapalestina sawa na Wasyria katika ajira, biashara na hata utumishi wa jeshi, huku wakibaki na utaifa wao, na sijapata kusikia kwamba mwalimu wa kambi ya wakimbizi ya Yarmouk, kando ya Damascus, aliusahau mji wa babu yake kwa sababu alikuwa akipokea mshahara.

Sasa tutazame kambi ya wakimbizi ya Shatila, mjini Beirut, Lebanon, ambako nyaya za umeme na mabomba ya maji hupita pamoja juu ya vichochoro vyembamba, na watu hufa kwa kupigwa na umeme. Kijana aliyezaliwa hapo, na baba yake akazaliwa hapo hapo, anaweza kusomea udaktari hadi akafuzu, kisha sheria ikamzuia kutibu isipokuwa katika zahanati kama za UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, au za Hilali Nyekundu ya Palestina. Sheria namba 296 ya mwaka 2001 haikuwataja Wapalestina kwa jina. Ilimkataza kumiliki nyumba au ardhi mtu asiye na uraia wa dola inayotambuliwa, na kila mtu alielewa nani anakusudiwa. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu na wazee wake wamekaa zaidi ya miaka 75, na jembe wanaliomba wenyewe.

Hofu ya Walebanon naielewa, wala siidharau. Viti 128 vya bunge lao vimegawanywa nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu, Wapalestina walio wengi ni Wasunni, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 hadi 1990, ambavyo makundi ya Wapalestina yalipigana, havijasahaulika; ndiyo maana utangulizi wa katiba yao unakataza kuwapa makazi ya kudumu. Lakini kibali cha kazi si kadi ya kura, na sensa ya 2017 ilihesabu Wapalestina 174,422 tu katika kambi na makazi yao.

Jambo moja naomba ulijibu. Tangu mageuzi ya sheria za Lebanon ya 2010, Mpalestina mwenye ajira rasmi hulipiwa mchango kamili wa hifadhi ya jamii, lakini hupata kiinua mgongo peke yake, bila matibabu wala mafao ya uzazi. Mama anayejifungua bila mafao aliyokwisha kuchangiwa, anailinda vipi haki ya kurejea?