Ukungu wa Richter: kuheshimu wafu au kukwepa?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila jazba. Mwaka 1988 mchoraji Mjerumani Gerhard Richter alichora picha 15 za kijivu kuhusu kundi la Baader-Meinhof, lililolipua mabomu, kuteka na kuua watu Ujerumani Magharibi. Alichukua picha za polisi na za magazeti, akazichora kwa rangi ya mafuta, na kabla rangi haijakauka akazivuruga kwa brashi mpaka kingo zikapotea kama ziko ndani ya ukungu. Aliziita 18 Oktoba 1977, siku ambayo viongozi wa kundi hilo, Andreas Baader na Gudrun Ensslin, walikutwa wamekufa gerezani Stammheim. Mimi naona hapo wauaji wamefunikwa shuka. Hanns Martin Schleyer, ambaye kundi hilohilo lilimteka na kumuua, hana picha hata moja humo!

Mchangiaji wa kwanza: Kwa Schleyer sikubishii mkuu. Ila shuka silioni. Tazama zile tatu za Ulrike Meinhof, kiongozi mwingine wa kundi, akiwa maiti, amelala chali. Kwenye ya kwanza alama nyeusi ya kitanzi ipo shingoni. Ya tatu ni ndogo zaidi, na uso umeshayeyuka. Picha ya polisi unaitupia jicho na kufunua ukurasa. Hii unaisogelea ili uone vizuri, na ukisogea ndiyo inazidi kupotea.

Mchangiaji wa pili: Tatizo mzee huyu anampaka ukungu kila mtu. Mwaka 1965 alimchora mjomba wake Rudi kavaa sare ya jeshi la Hitler, anatabasamu. Mwaka huohuo akamchora Marianne, mama yake mdogo, aliyeugua akili. Wanazi walimfunga kizazi, na mwaka 1945 akafia mikononi mwao. Askari ukungu, mhanga ukungu uleule. Hiyo haki iko wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Umesahau picha ya mjomba ilienda wapi. Mwaka 1967 aliitoa kwa ajili ya Lidice, kijiji cha Wacheki kilichoteketezwa na Wanazi mwaka 1942. Anayekwepa hampeleki mjomba wake na sare yake mbele ya watu wale.

Mleta mada: Hiyo ya Lidice imenishika, nakiri. Basi ukungu wenyewe nauacha. Lakini Schleyer hakupakwa ukungu, hakuchorwa kabisa. MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilinunua zote 15 mwaka 1995, na pengo hilo likaenda nazo. Nani analitetea hilo?