Kisiwa cha Sehel kule Aswan, kuna mtu hapa ameshafika?

Mwalimu_wa_Kano (Ahero)

Wadau habari za jioni. Desemba shule zikifungwa mimi na mama watoto tunaenda Misri, tumeweka akiba kitambo na tiketi ya kutoka Nairobi mpaka Cairo tayari tuko nayo. Kila mtu nikimwambia ananijibu piramidi, na sawa piramidi tutaziona, lakini mimi chenye kinanivuta ni kisiwa kinaitwa Sehel, kiko ndani ya Nile pale Aswan, kusini kabisa ya Misri. Nimesoma kwamba mawe yake yamechongwa maandishi ya zamani za mafarao, mamia ya maandishi, na kuna moja wanaliita Jiwe la Njaa lenye linasimulia vile mto ulikosa kufurika miaka saba mpaka watu wakashindwa hata kutembea kwa njaa. Mimi nafundisha historia na dini, na nimelelewa hapa Kano penye Nyando ikivunja kingo tunahamia shuleni na magodoro kichwani, sasa kusoma habari ya watu wenye walikuwa wanauombea mto UJE mashambani, hiyo imenishika kabisa.

Sasa naulizia. Aswan tuko na siku moja tu ya kuzunguka, nichague Sehel ama Abu Simbel, yale mahekalu ya Ramses wa Pili, vile wengi wanaambia? Kisiwani mtu anafikaje? Mtu hajui kusoma hieroglifi ataona nini huko ama ni mawe tu? Na hiyo miaka saba, ndiyo ile ya Yusufu wa Biblia?

Mama_Menengai (Nakuru)

Mwalimu, Sehel. Nakuambia nikiwa nimeona kote kuwili. Abu Simbel inashangaza, sikatai, lakini iko kama kilomita 280 kutoka Aswan, mnaamshwa usiku, zaidi ya masaa matatu barabarani jangwani na mengine hayo ya kurudi, na mkifika mnafika na kila mtu. Sehel ni kilomita chache tu kutoka mjini, asubuhi moja inatosha, alasiri bado mnaweza kuenda Philae, kwa hekalu la Isis.

Kufika ni boti. Teremka pale ukingoni mwa mto mjini, kuna boti za injini na kuna feluka, zile za tanga. Kama hamna haraka chukueni feluka, kwa sababu pale upepo mara nyingi unatoka kaskazini na maji yenyewe yanaenda kaskazini, kwa hivyo kwenda mnasukumwa na upepo na kurudi mnasukumwa na mto, na hivyo ndivyo watu wa Misri wamesafiri tangu zamani. Mkubaliane bei mkiwa bado nchi kavu, na iwe ya kwenda, kungoja na kurudisha.

Na hapa tafadhali unisikize: kuna kijiji kinaitwa Gharb Seheil, hicho SI kisiwa, kiko ng'ambo ya magharibi, nyumba zimepakwa rangi za kila aina, ngamia, chai, wageni wengi. Ni kuzuri. Lakini ukitaja tu Sehel unaweza pelekwa huko moja kwa moja kwa sababu ndiko watalii wengi wanataka. Sema kisiwani, kwa maandishi, na umwonyeshe kwa ramani ya simu kabla hajang'oa nanga.

Mkifika mnakata tiketi halafu ni kupanda, mawe ya itale makubwa ya mviringo yamelundikana kilima kizima na njia si ngazi, mama avae viatu vyenye vinashika. Enda mapema. Hayo maandishi hayana rangi, ni jiwe limegongwa juujuu mpaka sehemu iliyogongwa ikabaki nyeupe kidogo kuliko ngozi ya jiwe, sasa jua la asubuhi likipiga kutoka upande kivuli kinaingia ndani ya kila mchoro na unaona mpaka vidole vya mtu aliyechorwa, lakini saa sita mchana jua likiwa utosini unaweza kupita karibu na jiwe limejaa herufi usilione.

Kuhusu kusoma, hutahitaji sana. Utaona mwanaume amesimama ameinua mikono, mbele yake mungu wa kike mwenye taji la manyoya marefu yamesimama wima, huyo ni Anuket, ndiye walimwona mwenye kisiwa. Wengi wa waliochonga ni wakubwa wa serikali ya farao, wengine walikuwa magavana wa Nubia, nchi ya kusini mwa Aswan, na cheo chao kiliitwa mwana wa mfalme wa Kushi hata kama mtu hakuzaliwa na mfalme. Wakipita hapo kwenda Nubia ama wakirudi salama na watu wao waliandika jina, cheo, na salamu kwa Anuket na miungu wenzake Khnum na Satet. Mimi nilikaa pale juu nikatazama maji yakipita kati ya mawe chini na nikaelewa mbona mtu angeomba kwanza kabla ya kupita hapo.

Jalupo_Dunga (Kisumu)

Mimi niongezee hapo kwa kupita, kwa sababu ndiyo sehemu yenye mimi naipenda kuliko hata hilo Jiwe la Njaa. Pale Aswan ndio maporomoko ya kwanza ya Nile, si maji ya kuanguka kutoka juu kama pale Nyahururu, ni mto umekatwakatwa na miamba na visiwa, chombo kikubwa hakipiti vizuri. Sasa farao Senusret wa Tatu, mwaka wake wa nane, akitaka kupandisha jeshi Nubia, alitengenezesha mfereji, na vipimo vimeandikwa hapo Sehel kwa jiwe: urefu dhiraa 150, upana 20, kina 15. Dhiraa yao ya kifalme ilikuwa kama sentimita 52, kwa hivyo ni mita kama 78 urefu, 10 upana, na kina karibu 8. Miaka kama 3,800 imepita. Bila baruti!

Halafu zaidi ya miaka mia tatu baadaye Thutmose wa Kwanza anafika anakuta umeziba na mawe, anausafisha, naye mjukuu wake Thutmose wa Tatu mwaka wake wa 50 anausafisha tena, na huyu akaacha amri kwamba wavuvi wa Elephantine, kisiwa cha hapo Aswan, wawe wanausafisha kila mwaka. Wavuvi, si askari wenye wanautumia. Sisi hapa ufukoni gugu likifunga ziwa ni nani anaingia majini kwanza na panga? Mwalimu ukifika tafuta hayo maandishi ya mfereji uyapige picha, na utuwekee hapa, hayo naomba sana.

Mstaafu_Kakamega

Mwalimu mwenzangu, nijibu la Yusufu kwa sababu darasani utaulizwa tu.

Hilo jiwe linajitaja kuwa la farao Djoser, mwaka wake wa 18. Djoser ni wa nasaba ya tatu, ndiye mwenye piramidi ya ngazi pale Saqqara, karibu mwaka 2650 KK. Lakini lugha yake na uchongaji wake ni wa wakati wa akina Ptolemy, wale wafalme wa Misri wa asili ya Kigiriki, wasomi wengi wanaliweka kwa Ptolemy wa Tano, aliyetawala 205 hadi 180 KK. Kati ya hao wawili kuna zaidi ya miaka 2,400. Yaani aliyechonga yuko mbali na Djoser kuliko sisi tulivyo mbali na huyo mchongaji.

Sasa hadithi inasemaje. Mto haujafurika miaka saba, mfalme amekaa na majonzi, anauliza Nile inatokea wapi na mungu gani anashika mlango wake. Imhotep, mshauri wake, anaenda kutafuta kwa vitabu vya hekalu, anarudi na jibu kwamba ni Khnum, pale Elephantine, ndiye mwenye mapango yanayotoa maji. Mfalme analala, Khnum anamjia ndotoni anaahidi mto utafurika tena. Mfalme akiamka anamwandikia Khnum nchi yote ya pande zote mbili za mto kuanzia Aswan kwenda kusini mpaka Takompso kule Nubia, pamoja na moja ya kumi ya mapato ya wavuvi, wawindaji na bidhaa zinazotoka Nubia (Jalupo, umeona, wavuvi tena).

Hapo ndipo wasomi wengi wanasema makuhani wa Khnum walikuwa wanatetea mashamba na ushuru wao, na wakaweka dai lao kinywani mwa mfalme wa zamani sana ili lisipingwe. Kwetu huku kesi ya shamba inaenda hivyo hivyo, kila upande unamleta babu aliyetangulia zaidi. Mimi kwa hilo silidharau hata kidogo. Dai lisingemshika mtu kama njaa ya mto kukosa haingekuwa kitu kila mkulima wa Misri alikiogopa.

Na Yusufu: jiwe halimtaji, wala Waisraeli. Namba saba kwa njaa inapatikana pia kwa hadithi za Mesopotamia. Tena angalia dawa ya kila hadithi, kwa Mwanzo 41 ni kujenga maghala na kuweka nafaka mapema, kwa Sehel ni kumpa mungu ardhi na zaka. Wape wanafunzi zote mbili wazilinganishe, usiwaambie ni kisa kimoja.

Mwalimu_wa_Kano (Ahero)

Mzee wangu asante sana, hiyo ya kulinganisha naichukua vile ilivyo. Sasa imenijia swali, kwani si maji ya Nyando yanaingia ziwani na ziwa linatokea Jinja linakuwa Nile? Kwa hivyo hawa watu walikuwa wanaulizia chanzo wakidhani kiko chini ya miamba yao na sisi tuko huku juu?

Jalupo_Dunga (Kisumu)

Ndiyo na hapana mwalimu. Maji yetu ya Nyando, Nzoia, Yala, Sondu yanaenda, yanapita Jinja, Kyoga, Albert, lakini yakifika Sudd kule Sudan Kusini karibu nusu yanapotea na jua kwa vile vinamasi vya huko. Yetu ndiyo yanashikilia mto usikauke miezi ya kiangazi. Yale ya mafuriko yenye Djoser alikuwa analilia yanatoka Ethiopia, mvua ya milimani inashuka na Nile ya Buluu na Atbara, karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan ni ya huko. Na siku hizi hutayaona yakifurika, tangu lile bwawa kubwa likamilike 1970 mafuriko yanashikwa juu ya Aswan.

Binti_Kibos (Kisumu)

Nimesoma nikafurahi. Mimi ni Mnubi wa hapa Kibos na nataka tu kuweka sawa, kwa sababu watu watakuambia wale wa Sehel ni ndugu zetu moja kwa moja. Sisi babu zetu walikuwa askari kutoka pande nyingi za Sudan, Lugard, yule afisa Mwingereza, aliwachukua pale Kavalli karibu na Ziwa Albert 1891, na Kinubi chetu kimetoka kwa Kiarabu. Wanubia wa Aswan wana lugha yao ya kale kabisa, na wengi wa jamaa zao walihamishwa 1963 na 1964, karibu watu 50,000, wakapelekwa Kom Ombo kabla vijiji vyao havijamezwa na ziwa la bwawa. Mwalimu, hapo kisiwani Sehel kwenyewe kuna kijiji cha Wanubia, usikipite tu ukikimbilia mawe. Salimia, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha nyumba ya mtu, ukikaribishwa chai ukae. Hao ndio wamebaki na mto wao pale mlangoni.

Mama_Menengai (Nakuru)

Binti umesema ukweli. Mwalimu na kitu kingine nilisahau, cheti cha homa ya manjano, ukitoka Kenya wanakiuliza, chanjweni angalau siku kumi kabla ya safari. Visa mwombe mapema kwa ubalozi wao Nairobi, msingoje Novemba. Cairo mpaka Aswan kuna ndege ya kama saa moja na nusu, ama treni ya usiku kucha, na mimi ningechukua treni, ikipambazuka unaona mto upande mmoja na mashamba ya miwa mpaka mnafika.